Nililipwa ili Nishindwe

Mimi nilikuwa mchezaji wa tenisi wa kulipwa kwa miaka ishirini na miwili. Nalisema hili mwanzoni ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu tuendelee.

Shuleni nilifika darasa la tatu. Wenzangu waliobaki walitoka wakiwa makarani, na makarani hao niliwaona baadaye wamesimama nje ya uzio wa klabu kule Bujumbura, karatasi mkononi, wakingoja nimalize seti na mkurugenzi wao ndipo atie sahihi. Sikuwahi kuwacheka. Labda mara moja.

Nilianza kwa kuokota mipira, bale kama tunavyoiita kwetu. Mtoto wa Uvira, nimevuka mpaka kumfuata mjomba wangu aliyekuwa mpishi wa klabu ile. Siku moja mzungu mmoja akakosa mtu wa kucheza naye, akanitupia raketi, akasema nimrudishie tu mipira. Nikamrudishia. Nikamrudishia yote, mpaka akaketi chini akaomba maji. Kuanzia siku hiyo sikuinama tena kuokota. Waliinama wengine.

Watu hawaielewi kazi ile, kwa hiyo nieleze. Patroni, yaani bosi, anafika klabu baada ya ofisi. Hakuja kujifunza. Amekuja kumshinda mtu, kwa sababu kutwa nzima ofisini ameshindwa yeye. Njo hapo, yaani ndipo hapo, mimi ninapoingia. Unampa mpira kwenye mkono wake mzuri, usawa wa kiuno, usio na haraka. Akiupiga vizuri unaukimbilia, unauchelewa kwa hatua moja. Moja, si mbili. Ukichelewa mbili anajua. Seti unamwachia sita kwa nne. Usimwachie sita kwa sifuri, mtu mzima hapendi kudanganywa mchana kweupe. Akija na mke wake, unampa saba kwa tano, maana mke anapenda kuona mumewe ameteseka kidogo kabla ya kushinda. Na ukikosa kwa makusudi, usicheke, usitikise kichwa. Unaangalia nyuzi za raketi. Unazinyoosha kwa vidole, uzi mmoja mmoja, uso umekunjika, kama vile hizo nyuzi ndizo zilizokusaliti. Uso ule niliufanyia mazoezi mengi kuliko mpira wa kuanzia.

Na nilikuwa nawaweza wote. Hilo niliandike wazi, sina sababu ya kujinyenyekeza katika umri huu. Hakuna mwanachama hata mmoja wa klabu ile ambaye nisingemmaliza kabla jasho halijanitoka.

Mke wangu hakuwahi kuniona nikicheza. Langoni walipita wanachama na wafanyakazi, na mke wa mfanyakazi hakuwa upande wowote. Yeye ni mtu wa Fizi, binti wa wakulima, mtu wa kanisa, na kwake kazi ni kitu ukimaliza unaonyesha: shamba limelimwa, nguo imeshonwa. Mimi nilirudi nyumbani Buyenzi na soksi nyekundu kwa vumbi. Akaniuliza leo nimefanya nini. Nikamwambia nimecheza na mkurugenzi wa benki. Akauliza nani ameshinda. Nikasema yeye. Kesho yake vilevile. Baada ya miaka miwili akaacha kuuliza.

Vita vilipotufukuza alibeba sufuria, blanketi na Biblia. Mimi nilibeba begi la nguo na raketi. Tulipita Tanzania tukashuka mpaka Malawi, na njia nzima, kila tulipokosa kitu, aliitaja raketi ile. Hakuna kisu? "Lakini raketi iko." Hakuna ndoo? "Tuchote maji na raketi."

Tulifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi, mwaka wa tisini na tano. Kambi ilikuwa bado changa, watu bado wanaulizana wametoka wapi na walikuwa nani. Kila mtu alikuwa mtu mkubwa alikotoka, hilo si ajabu: huyu alikuwa na malori, yule alikuwa na ng'ombe hata hesabu inamshinda. Na wote waliaminiwa. Mimi peke yangu, niliyesema ukweli mtupu kwamba nilikuwa mchezaji wa tenisi, njo nilichekwa.

Kiongozi wa kucheka alikuwa jirani yetu, Mwislamu wa Kindu, mdogo kwangu kwa miaka kumi, muuza vitenge aliyeniita Yaya, yaani kaka mkubwa, hata akinicheka. Alikuwa na mdomo wa kumuuzia mtu nusu kitenge akashukuru kwa kupunguziwa uzito. Asubuhi kwenye foleni ya mahindi aliniita kutoka mbali.

"Champion! Leo unacheza na nani? Na gunia?"

"Nacheza na baba yako."

"Baba yangu iko Kindu, Yaya. Bale yako haiwezi kufika. Ingekuwa inafika mbali vile, tungekusikia kwa redio."

Foleni nzima ikacheka. Nilimgeukia mke wangu anitetee. Alikuwa ameshika ndoo yake, anaangalia mbele.

"Musiniangalie miye," aliwaambia. "Mi niliolewa na mutu wa kuokota bale. Hii mambo ya champion nimeisikia hapa hapa Dzaleka, sawa na ninyi."

Hilo liliniuma. Kicheko cha foleni hakikunisumbua, hata ningekuwa mimi ningecheka. Lakini mwanamke amelala karibu yangu zaidi ya miaka kumi na minane, nikirudi kila siku na vumbi lile, na hajui ameolewa na nani!

Raketi yenyewe alikuwa ameipatia kazi. Aliitandika kitambaa, akamwaga pilipili juu, akaiweka kwenye paa zikauke, kisha akaziuza kwa mafungu madogo mbele ya nyumba. Nilimwambia jua litakausha nyuzi.

"Na pilipili nazo zinataka kukauka," akasema. "Nyuzi zako zinakula nini hapa nyumbani?"

Nikaiacha palepale paani. Pilipili zilikuwa zinatununulia sabuni.

Basi siku moja yule jirani akarudi kutoka Lilongwe na habari. Kila wiki alikuwa akienda Area 25, mtaa wa huko, na vitenge vyake, na siku hiyo alikuwa amepeleka mzigo kwa mteja mjini, akapita kwenye uwanja wa tenisi wa klabu moja. Akamuuliza mlinzi, mlinzi akamwambia mwalimu wao ameondoka na mwenyekiti anatafuta mwingine. Jirani hakuuliza zaidi. Alimwambia mlinzi kwamba yeye ni meneja wa bingwa wa Kongo na Burundi yote, na kwamba bingwa yuko tayari kuonekana Jumamosi.

"Umesema nini?" nilimuuliza.

"Nimekusaidia, Yaya. Mwenyekiti mwenyewe atacheza na we. Ukifaa, kazi ni yako. Usipofaa, mi nitapata kitu ya kucheka mpaka nizeeke. Kwangu hakuna hasara."

Mke wangu alikuwa anachambua maharagwe. Bila kuinua kichwa akasema, "Na miye nakuja."

"Unakuja kufanya nini?"

"Batu batanieleza vile ulipata haya. Afazali nione mwenyewe."

Nilikuwa na siku nne. Raketi niliisugua kwa kitambaa chenye maji na sabuni, lakini pilipili haitoki. Mpini ulikuwa unawasha viganja. Viatu niliazima kwa kiongozi wa kwaya, raba nyeupe zilizonizidi, nikajaza vitambaa mbele. Na siku zote nne nilikuwa nimeshaamua jambo ambalo sikumwambia mtu: nitashindwa. Nitashindwa sita kwa nne, vizuri, kwa heshima, kama fundi. Mwenyekiti ataondoka na furaha, na mwenye furaha anaajiri. Kazi ya kila mwezi, chumba mjini labda, mke wangu aache kukaa juani na mafungu ya pilipili. Niliijua kazi yangu. Shida ilikuwa moja tu: mke wangu atakuwa ameketi pale, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, na atakachoona ni mimi nikipigwa.

Jumamosi tukapanda pikapu alfajiri. Jirani alishuka Nsungwi, kule Area 25, kumwachia mwenzake mzigo wa vitenge, tukachukua minibasi hadi mjini, na kabla ya saa nne tulikuwa langoni. Mlinzi aliniangalia miguuni, akaangalia raketi, akapiga chafya.

Wanachama waliketi kivulini. Mke wangu na jirani walipewa benchi la madereva, nje ya uzio, upande wa jua. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisa. Aliweka mikono mapajani kama anayesubiri hukumu isomwe.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa umri wangu, mnene wa kiasi, kaptura nyeupe iliyopigwa pasi. Alikuwa ameishi Dar miaka mingi, akarudi kwao Malawi nchi ilipofunguka kwa vyama vingi, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Chake kilikuwa kimepigwa pasi kama kaptura.

"Karibu sana, mzee. Nimeambiwa wewe ni bingwa."

"Nilikuwa nafanya kazi klabu, Bwana."

"Meneja wako amesema bingwa."

"Meneja wangu anauza vitenge."

Akacheka. Nikaona ni mtu mwema, nikazidi kuona ni halali kumpa ushindi wake.

Mipira mitano ya kwanza ilinitosha kumjua. Mkono wa kulia mzuri, wa kushoto hauna habari, mguu wa kulia mzito, na anapenda kukimbilia wavu hata asipoitwa. Nikaanza kazi. Nilimwekea mipira kwenye mkono wa kulia, usawa wa kiuno. Nilimwita kwenye wavu nikampa mpira wa kupiga chini kwa nguvu, wanachama wakapiga makofi. Nilichelewa hatua moja. Niliongoza tatu kwa mbili ili aingiwe na hofu kidogo, kisha nikamwacha anifikie. Kila nilipokosa niliangalia nyuzi. Nilizinyoosha. Mkono haukuwa umesahau kitu, na nikiri hapa kwamba nilikuwa na raha kabisa. Ilikuwa seti nzuri kuliko nyingi nilizowahi kushindwa.

Sita kwa nne. Akaja wavuni analowa jasho, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Umecheza vizuri sana, mzee wangu. Sana. Lakini ona shida yangu." Alikuwa anahema. "Natafuta mwalimu. Mimi si mchezaji wa maana, na nimekushinda. Nitawaambia nini wanachama? Kwamba nimeajiri mtu ninayemshinda mimi?"

Miaka ishirini na miwili, hakuna patroni aliyewahi kusema maneno hayo. Wale wa Bujumbura, wakishinda, walikuwa wanataka kushinda tena kesho. Huyu alikuwa ameshinda na akaanza kufikiri! Nilikuwa nanyoosha nyuzi za raketi, uso umekunjika, ndipo sauti ikatoka kwenye benchi la madereva.

"Anadanganya!"

Wote tukageuka. Mke wangu alikuwa amesimama, vidole vimeshika uzio.

"Bwana, huyu baba anakudanganya! Ule uso naujua! Akikula nyama yote ya chungu, njo uso ule anafanya! Akipoteza funguo, uso ule! Kila wakati alikosa bale alifanya uso ule. Muulize!"

Jirani alikuwa anamvuta kitenge. "Mama, kaa. Mama, utatufukuzisha."

"Niache. Miye sijui huu muchezo, lakini mume wangu namujua."

Mwenyekiti alinigeukia. "Ni kweli?"

Ningeweza kukataa. Lakini kukataa kulihitaji uso, na uso wangu ulikuwa umeshauzwa.

"Ni kweli, Bwana."

"Seti nzima?"

"Ile tatu kwa mbili nilicheza kidogo."

Kivulini mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mwenyekiti aliangalia uwanja, akaangalia mke wangu, akavuta kaptura yake juu.

"Rudi nyuma ya mstari," akasema. "Sasa cheza kama ulivyo."

Nikarudi. Na hapa niseme kitu ambacho sikuwahi kukisema: niliogopa. Sikumwogopa yeye. Niliogopa mkono wangu, uliozoea miaka yote kupeleka mpira pale patroni anapopenda, kwamba sasa nikiuamuru utakataa. Mpira wa kwanza ulikataa kweli. Ulienda palepale, mkono wa kulia, usawa wa kiuno, akaupiga ukapita.

"Mm-hmm!" mke wangu akasema kutoka kwenye benchi.

Wa pili niliupeleka mkono wake wa kushoto. Haukurudi. Wa tatu nikaupeleka hukohuko. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Nilimpeleka kushoto, nikamrudisha kulia, nikamwita wavuni na nikapitisha mpira juu ya kichwa chake, ukadondoka kwenye mstari kama umewekwa kwa mkono. Raba za kwaya zilinitoka mara mbili, nikaziacha, nikacheza peku. Ilipofika tano kwa sifuri alikuwa ameshika magoti, na huruma ya zamani ikanishika: nimpe gemu moja tu, aende nayo nyumbani. Nikaupiga mpira nje kwa makusudi, nikainamisha macho kwenye nyuzi.

"Papa!" mke wangu akaita.

Nikayainua macho. Sita kwa sifuri.

Mwenyekiti alinishika mkono, mara hii mmoja. Akafuta raketi yake kwa taulo polepole, pande zote mbili, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ahsante sana, mzee. Tumekuona. Tutakuita."

Nikajua palepale kwamba hawataniita. Na sikuweza hata kukasirika naye, maana nilijua tangu mwanzo kwamba mwenye furaha ndiye anayeajiri.

Tulikwenda Nsungwi kwa yule mwenzake jirani wa vitenge, akatupa nsima, ugali wa huku, na maharagwe mlangoni. Jirani hakuwa amefunga mdomo tangu langoni. Alikuwa anarudia kila mpira kwa mikono, mwenye nyumba anamsikiliza, na tayari katika hadithi yake nilikuwa nimemshinda mwenyekiti, katibu na mlinzi. Mke wangu alikula mpaka akamaliza. Kisha akanawa mikono, akanigeukia.

"Kule Bujumbura. Batu bote ba klabu. Mukurugenzi wa benki."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unabaweza?"

"Wote."

"Bote, sawa vile nimeona leo?"

"Wale wengine walikuwa rahisi zaidi."

Nilingoja sifa. Nadhani niliistahili. Yeye akapiga mapaja yake kwa mikono miwili.

"Na kila siku unarudi kwangu unaniambia umeshindwa! Miye naombea we kanisani! Mungu, saidia mume wangu ashinde hata siku moja! Miaka yote hiyo!" Aliwageukia wale wawili awape kesi. "Mwaona huyu mutu? Alikuwa analipwa juu ya kushindwa!"

"Njo kazi," nikasema.

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia nilikuwa mchezaji."

"Hukuniambia ulikuwa muongo wa kulipwa!"

Jirani alicheka mpaka maharagwe yakampalia, tukampiga mgongoni.

Hawakuniita. Jirani alipita langoni kila wiki, mlinzi akasema bado, akasema bado, kisha siku moja akasema wamepata kijana, fundi kabisa, na kila Jumamosi anacheza na mwenyekiti. Mwenyekiti anamshinda sita kwa nne. Habari hiyo ilinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Kijana yule anaijua kazi.

Kambini hakuna aliyeamini. Ningekuwa na shahidi mwingine yeyote wangeamini, lakini shahidi wangu alikuwa muuza vitenge wa Kindu, na kila alipoisimulia niliongezewa mtu wa kumshinda. Kufikia mvua za kwanza nilikuwa nimempiga waziri. Watu wakacheka kuliko mwanzo. Kwenye foleni ya mahindi waliendelea kuniita Champion, na mke wangu aliendelea kushika ndoo yake na kuangalia mbele, hakunitetea hata kwa neno moja.

Lakini asubuhi ile tuliyoamkia baada ya mechi, nilikuwa nimeketi nje nafunga kidonda cha kisigino. Alitoka na kapu la pilipili mbichi na kile kitambaa chake. Akasimama mbele yangu. Nikadhani nimekalia kitu chake.

"Papa," akasema, "naweza kutumia raketi yako? Nianike pilipili."

Nilimaliza kwanza kufunga kisigino. Nilimwambia anaweza, ila airudishe ndani kabla jua halijawa kali, kwa ajili ya nyuzi.

"Sawa," akasema, na jua lilipopanda akairudisha ndani.